KABATI JIPYA HALIPONYI JIKO BAYA



Lipo jambo ambalo halijapata kuandikwa katika kurasa hizi, kwa kuwa wengi hulidhani dogo mno, lisilostahili wino. Huandikwa habari za mishahara, za uhamisho, za likizo na za posho, na hayo yote yana haki ya kuandikwa. Walakini chumba kile ambacho sehemu kubwa ya mshahara huishia kila mwezi, yaani jiko, hakina hata mstari mmoja. Leo twaandika juu yake, na twaandika kwa ukali, maana jambo lenyewe limekwisha kuanza kula fedha za wanachama.

Jambo ni hili. Siku hizi imekuwa desturi miongoni mwetu kutengeneza upya makabati ya jikoni. Karani akipata mkopo katika mfuko wetu, humwita seremala, humwonyesha picha ya jiko la ng'ambo, na kumwambia, "Nifanyie kama hivi." Seremala hupima ukuta, hukata mbao, hupiga rangi nyeupe ing'aayo, hutia vishikio vya rangi ya dhahabu. Majirani huitwa waje kuona, nao husifu. Baada ya wiki mbili mama mwenye nyumba amerudi kupika uani juu ya mafiga, kama alivyokuwa akipika kwanza, na kabati limebaki ndani likitazamwa kama picha ya ukutani. Deni nalo limebaki, likatwa katika mshahara mwezi kwa mwezi.

Sisi twasema waziwazi kwamba fedha hiyo imetupwa. Hatusemi kuwa kabati ni anasa. Kabati ni chombo cha kazi, kama lilivyo kabati la majalada ofisini. Twasema fedha imetupwa kwa sababu jiko lile lilikuwa na ugonjwa wa mpango, nalo likapewa dawa ya rangi. Wazee walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi na tuingie ndani.

Tumezitazama nyumba kadha wa kadha wanazokaa watumishi, za kupewa na za kujenga wenyewe, na kosa twaliona karibu ni lile lile. Jiko lina milango miwili inayotazamana, mmoja wa kutoka sebuleni na mmoja wa kwenda uani, hivyo kila apitaye nyumbani, na watoto, na kuku, hukata katikati ya chumba. Sinki liko pembe moja chini ya dirisha. Mahali pa jiko la gesi au la mkaa pako pembe ya mbali, karibu na mlango, ambapo upepo huyumbisha moto na mtoto akimbiaye huja na kikumbo. Meza ya saruji ni moja tu, nayo iko kando ya sinki, imelowa mchana kutwa. Kando ya moto hapana hata mahali pa kuweka kifuniko. Kabati moja limetundikwa juu sana hata halifikiwi bila kigoda. Lingine liko nyuma ya mlango, na mlango ukiwa wazi kabati halifunguki. Unga uko huku, sufuria ziko kule, chumvi iko chumba cha tatu.

Ni nani aliyepanga hivi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mchoraji aliyechora nyumba hakupika humo, wala hakumwuliza apikaye. Alikuwa na chumba kimebaki katika mchoro wake, akakiandika "jiko", akaendelea na kazi nyingine. Hatumtaji kwa jina, kwa kuwa hayuko peke yake. Lakini hatuna budi kusema kwamba mtu anayechora ofisi bila kumwuliza karani, au zahanati bila kumwuliza mwuguzi, angeonekana mzembe. Kwa nini achorapo jiko asionekane hivyo?

Sisi ni makarani, na kazi yetu ni hesabu. Basi na tufanye hesabu. Tuchukue jiko ambalo sinki liko mita 5 kutoka mekoni, na ambalo meko yangaliweza kuwekwa mita 2 tu kutoka sinki. Ziada ni mita 3. Mama apikaye wali, maharagwe na mchicha huvuka kati ya maji na moto mara nyingi: kuosha mchele, kujaza maji, kuosha mchicha, kumwaga, kusuuza mwiko, kunawa mikono. Tuseme ni mara 40 kwa mlo mmoja, na milo ya kupikwa ni 2 kwa siku. Mara 80 kwa mita 3 ni mita 240 za bure kila siku. Kwa siku 365 ni mita 87,600, yaani zaidi ya kilometa 87. Hiyo ni safari ya miguu kutoka Dar es Salaam hata Bagamoyo na kuzidi, na sehemu ya njia hiyo msafiri amebeba sufuria ya maji yachemkayo huku mtoto akimshika nguo. Atakayesema kwamba mara 40 ni nyingi, na asimame jikoni kwake na kalamu mkononi, ahesabu. Akipata 20 tu, bado ni kilometa 43 kwa mwaka. Hakuna mkuu wa ofisi ambaye angemwacha tarishi wake atembee hivyo kwa sababu tu kabati la majalada liliwekwa mahali pabaya siku ya kwanza.

Hesabu ya namna hii haikuanza nasi. Huko Marekani, mwaka 1912, Christine Frederick alianza kuandika katika gazeti la wanawake kwamba kazi za nyumbani zaweza kupangwa kwa uangalifu ule ule unaotumika kupanga kazi za kiwandani, naye akachora mistari ya hatua za mpishi, jiko lililopangwa vizuri kando ya lile lililopangwa vibaya. Katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1926, mchoraji wa majengo mwanamke kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko dogo lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi kwa ajili ya nyumba za kupanga zilizokuwa zikijengwa na mji ule. Majiko kama hayo yapata 10,000 yalijengwa. Makabati yake hayakuwa pambo. Kulikuwa na visanduku vya alumini vyenye mdomo wa kumiminia, na ubao wa kukatia wenye droo ya takataka karibu nao, na kiti cha kuzunguka ili mtu akatapo mboga akae. Mama huyo alisema mwenyewe baadaye kwamba kabla ya kuchora jiko lile hakuwa amepata kupika. Lakini alipima kazi, akapanga kabati baada ya kupima. Hapo ndipo tofauti yake na mafundi wetu.

Tena mkuu wa kazi ile ya ujenzi mjini Frankfurt alikuwa Ernst May, ambaye mwaka 1934 alikuja Tanganyika akawa na shamba karibu na Arusha, kisha akafanya kazi ya kuchora majengo Nairobi. Asije mtu, basi, akatuambia kwamba elimu ya jiko haikupata kukanyaga nchi hii. Ilifika, ikashika jembe, ikaondoka, wala hapana aliyeiuliza neno juu ya nyumba za makarani.

Miaka ya 1940 Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani kilieneza kanuni ambayo mafundi wengi duniani huifuata hata leo. Chora mistari mitatu, kutoka sinki hata meko, kutoka meko hata mahali pa kuweka chakula, na kutoka hapo kurudi sinki. Kila mstari usipungue mita 1.2 wala usizidi mita 2.7, na jumla ya yote mitatu iwe kati ya mita 4 na mita 8 hivi. Tena njia ya wapitao isikate pembe tatu hiyo. Kanuni hii haina siri wala haihitaji fedha. Yahitaji kamba na chaki.

Hapa twaomba wasomaji watusikilize vema, maana kuna hatari ya upande wa pili. Wapo watakaosoma maneno haya wakakimbia kunakili jiko la Frankfurt au la Illinois kama walivyonakili picha. Hilo halifai kamwe. Jiko la Frankfurt lilikuwa la mtu mmoja, jembamba hata wawili wasipishane kwa raha, nao wakaaji wake walililalamikia kwa sababu hiyo. Kwetu hapiki mtu mmoja. Mama yuko mekoni, binti anachambua mchele, shangazi anakuna nazi, mtoto anatumwa maji. Njia kati ya kabati na kabati ikiwa chini ya sentimeta 120, watu hao watagongana, na siku ya msiba au ya harusi jiko zima litahamia uani. Kabati lisilojua idadi ya wapishi ni adui wa nyumba.

Tazameni pia vyombo vyetu. Picha za ng'ambo zina mahali pa glasi na sahani bapa. Hazina mahali pa mbuzi ya kukunia nazi, wala kinu na mchi, wala ungo, wala kawa, wala kibao cha chapati, wala sufuria kubwa ya wageni, wala debe la unga, wala gunia la mchele la kilo 50 lililotoka shamba. Hazina mahali pa ndoo na pipa la maji, kana kwamba bomba halikauki kamwe. Seremala akimaliza kazi yake, vyombo hivi vyote hubaki sakafuni mbele ya kabati jipya, na milango ya kabati haifunguki tena. Mtu hujiuliza kabati lile lilitengenezwa kwa ajili ya vyombo vya nani.

Na ugali, ndugu zetu? Meza ya jiko la ng'ambo ina urefu wa sentimeta 90 kwenda juu, nao ni urefu mwema kwa kukata mboga. Lakini sisi huweka juu ya meza hiyo jiko la gesi la mezani, nalo laongeza sentimeta 12 au 15. Juu yake sufuria yenye kina cha sentimeta 20. Mdomo wa sufuria sasa uko sentimeta 120 na zaidi kutoka sakafuni. Mama wa kimo cha kawaida husonga ugali wa watu 8 mikono ikiwa juu karibu na mabega, hana nguvu ya kukandamiza mwiko, na mvuke wampiga usoni. Ndiyo sababu hurudi uani kwenye mafiga, si kwa ushamba, kama baadhi ya mabwana wasemavyo kwa kicheko. Amerudi kwa akili, kwa kuwa chini anapata nguvu ya mgongo na mikono. Meza ya jiko la gesi la mezani yapasa kushushwa hata sentimeta 65 au 70. Ni mabadiliko ya miguu minne ya mbao. Hatujapata kumwona seremala aliyeulizwa jambo hili, wala bwana aliyeliuliza.

Sasa tuzijibu hoja ambazo tumezisikia mikutanoni na vibarazani.

Hoja ya kwanza yasema kwamba haya ni mambo ya wanawake, na chama cha watumishi kina mambo makubwa zaidi. Twajibu: makato ya mkopo wa kabati yako katika karatasi ya mshahara ya nani? Mtoto akiungua kwa uji uliomwagika njiani kati ya moto na meza, ni nani aombaye ruhusa kazini kumpeleka hospitali? Tena miongoni mwa wanachama wenyewe wamo mabibi makarani ambao hutoka ofisini saa ile ile tutokayo sisi, kisha huanza kazi ya pili jikoni. Mwanachama anayetembea kilometa 87 za bure kila mwaka baada ya saa za kazi ana haki ya kusikilizwa na chama chake. Na kama ni mambo ya wanawake, mbona mwanamume ndiye aliyechagua picha, akachagua rangi, akapatana bei na seremala, mama akaitwa tu siku ya kufungua kitasa?

Hoja ya pili yasema, "Nyumbani kwetu yupo msichana wa kazi, hatua ni zake." Hoja hii twaichukia kuliko zote. Sisi ndio tulalamikao juu ya saa za ziada, juu ya viti vibovu, juu ya vyumba visivyo na hewa. Sisi ndio tusemao kwamba mtumishi si punda. Basi mtumishi wa nyumbani kwetu, ambaye aghalabu mshahara wake hauifikii hata robo ya wetu, hatua zake hazina hesabu? Asiyejali mgongo wa msichana wake hana kinywa cha kumwambia mkubwa wake habari ya mgongo wake mwenyewe.

Hoja ya tatu yasema kwamba nyumba si zetu, ni za kupewa, na leo tupo kesho twahamishwa. Kweli, ukuta si wetu kuuvunja. Lakini kabati lisilopigiliwa ukutani, lenye miguu yake, laweza kuhama pamoja na mwenyewe kama kitanda kihamavyo. Kabati la vipande vya sentimeta 60 lingeingia katika jiko la Dodoma na katika jiko la Mtwara. Ni kabati lile la ukuta mzima, lililopimwa kwa nyumba moja na kupigiliwa misumari, linalobaki nyuma likawa mali ya bahati ya mwingine. Hoja hii basi yatushuhudia sisi.

Hoja ya nne ni fedha. Hapa twasema kwa furaha kwamba mpango mwema ni rahisi kuliko pambo baya. Katika jiko, kitu ghali kuhamisha ni bomba la maji na mfereji wa maji machafu. Basi sinki liache lilipo. Hamisha moto uulete karibu na sinki, maana jiko la gesi lina mpira tu, na jiko la mkaa lina miguu. Kati ya maji na moto acha meza kavu yenye upana usiopungua sentimeta 90, hapo ndipo kazi yote ifanyikapo. Mlango unaogonga kabati uhamishiwe bawaba upande wa pili. Hiyo ni kazi ya nusu siku. Mlango usio wa lazima ufungwe. Kabati la zamani lenye mbao njema za mninga au mtiki lisitupwe. Likatwe, lipewe miguu mipya, milango yake igeuzwe. Mara nyingi fundi anayeshauri kutupa kila kitu anatafuta kazi, hatafuti dawa.

Na juu ya mbao twaongeza maneno machache, kwa kuwa hapo wengi hudanganyika. Ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, ambao mafundi huuita MDF, ni laini kupaka rangi na ni rahisi bei, lakini ukinywa maji huvimba kama mkate wala haurudi. Kwetu sakafu huoshwa kwa ndoo, na chini ya sinki huvuja. Basi chini ya sinki na karibu na sakafu tia mbao halisi, au jenga kizingiti cha saruji cha sentimeta 10 ili kabati likae juu yake, na kizingiti kirudi ndani sentimeta 7 au 8 ili vidole vya miguu vipate pa kuingia mtu asimamapo. Msindano wafaa kwa rafu za juu ukitiwa dawa ya mchwa. Kabati la chini liwe na kina cha sentimeta 60, la juu sentimeta 30 au 35, na kati yao nafasi ya sentimeta 45 au 50. Chini weka droo, au mtoto wa meza kama walivyozoea kusema wazee, kuliko rafu za kina ambazo sufuria ya nyuma haionekani mpaka mtu apige magoti. Pasiwe na uwazi mwembamba kati ya kabati na ukuta, kwa kuwa huo ndio mji mkuu wa mende.

Jambo moja ni la uhai na mauti. Mtungi wa gesi usifungiwe kabisa ndani ya kabati. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka chini na kukaa, ikingoja cheche. Kabati la mtungi liwe na matundu makubwa chini, yatokayo nje ikiwezekana, na mlango wake ufunguke kwa mkono mmoja. Tumeona makabati mazuri sana yaliyofunga mtungi kama maiti sandukuni, kwa sababu tu ya kuuficha machoni pa wageni. Je, yafaa kuuza usalama wa nyumba kwa sifa ya mgeni wa nusu saa?

Tena wakati wenyewe watuhimiza. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema, nasi twaliunga mkono. Maana yake ni kwamba katika miaka hiyo moto wa nyumba nyingi utatoka uani kuingia ndani, na majiko mengi yatatengenezwa upya. Mpango mbaya ukiigwa sasa, utaigwa mara elfu nyingi. Makarani ni watu wanaotazamwa na majirani. Kabati litengenezwalo kwa karani mwaka huu, mwaka ujao litakuwa kwa mwalimu na kwa mfanya biashara. Tukipotea, hatutapotea peke yetu.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano mkuu mapendekezo manne, nasi twaomba yapigiwe kura.

Kwanza, mkopo wo wote wa kutengeneza jiko usitolewe katika mfuko wetu bila karatasi yenye mchoro wa jiko kwa vipimo, ukionyesha maji, moto, chakula, milango na njia ya wapitao.

Pili, mchoro huo utiwe sahihi na mtu apikaye katika nyumba hiyo, awe mke, mama, dada au msichana wa kazi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Bila alama hiyo mweka hazina asifungue sanduku.

Tatu, kabla ya seremala kuitwa, mwombaji achore jiko jipya kwa chaki sakafuni na ukutani, apange makasha matupu mahali pa makabati, na jamaa yake ipike humo siku tatu. Siku hizo tatu zitafundisha mengi kuliko picha mia, na gharama yake ni chaki.

Nne, chama kipeleke barua ya heshima lakini iliyo thabiti kwa wote wapangao nyumba za watumishi, kuomba kwamba mchoro wa jiko usipitishwe mpaka umeonyeshwa kwa watu wasiopungua watatu wanaopika kila siku. Hatuombi vigae vya kung'aa. Twaomba kuulizwa.

Wako watakaocheka wakisema kwamba karani mwanamume anayebishana habari za sufuria amekosa kazi. Na wacheke. Sisi tumefundishwa shuleni kwamba usafi na utaratibu ni nusu ya ustaarabu, na ofisini twalipwa kwa ajili ya utaratibu huo huo. Jalada lisiloonekana kwa dakika mbili hutuletea karipio. Ni aibu gani basi, kwamba mtu huyo huyo akirudi nyumbani hukubali chumvi iwe chumba cha tatu, maji pembe ya mashariki na moto pembe ya magharibi, kisha huuliza kwa nini chakula kimechelewa!

Chakula kimechelewa, bwana, kwa sababu kiko njiani, nayo njia hiyo ni ndefu kwa mita 240 kila siku kuliko inavyopasa kuwa. Ifupishe kwanza. Ukiisha kuifupisha, piga rangi uipendayo.

Ni sisi makarani wenzenu.